Stephen McCaffrey, Mto Nile na bomba la Kahama: sheria ya maji ya pamoja inafanyaje kazi

Huku kwetu Kahama ukifungua bomba asubuhi, maji yanayotoka ni ya Ziwa Victoria. Yamevutwa na mapampu pale Ihelele, Misungwi, yakasukumwa kwenye mabomba mpaka Shinyanga na mpaka huku. Watoto waliozaliwa baada ya 2009 wanaona ni kitu cha kawaida tu. Sisi tuliotangulia kidogo tunakumbuka kuchimba mchanga kwenye mto uliokauka, unachimba mpaka bega linaingia shimoni, alafu unakaa unasubiri maji yajikusanye taratibu kule chini, unachota kwa kata, unamimina kwenye dumu, na maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Mwezi wa tisa na wa kumi dumu moja lilikuwa linakula hata saa nzima, na nyuma yako kuna foleni ya watu wengine na kata zao.

Sasa kuna barua moja ya tarehe 7 Mei 1929 ambayo kama Tanzania ingeifuata, hilo bomba lisingejengwa mpaka Misri ikubali kwanza. Barua hiyo walibadilishana Uingereza na Misri kama mkataba, na Uingereza ilisaini kwa niaba ya nchi ilizokuwa inazitawala, Sudan, Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilisema kwamba bila makubaliano ya Misri isijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme kwenye Nile, matawi yake, wala kwenye maziwa yanayoulisha, kama itapunguza maji yanayofika Misri au kuyachelewesha au kushusha kina chake. Kwa hiyo babu yangu aliyekuwa anachunga ng'ombe Usukuma alikuwa tayari amefungwa na barua ambayo hakuna mtu wa huku aliyewahi kuiona.

Nyerere hakuikubali. Mwaka 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba ule mkataba wa 1929 hauifungi nchi iliyopata uhuru wake. Misri nayo ikashikilia kwamba bado unafunga. Na hapo ndo watu wengi wanapopotea njia, kwa sababu wanadhani suala ni hilo tu, barua ya mkoloni ina nguvu au haina. Swali gumu zaidi liko nyuma yake: tuseme barua imetupwa, basi sheria ni ipi? Mto unapita nchi kumi na moja, nani anaruhusiwa kuchota kiasi gani, na kabla hajachota anatakiwa amuulize nani?

Ukitaka kuelewa jibu la hilo swali, njia nzuri ninayoijua mimi ni kufuatilia kazi ya mtu mmoja, Stephen McCaffrey, profesa wa sheria wa chuo cha McGeorge kule Sacramento, California. Mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm, ambayo ndo tuzo kubwa kabisa kwenye mambo ya maji, na mara nyingi inaenda kwa wanasayansi na mainjinia. Safari hii ilienda kwa mwanasheria. Kitabu chake kikubwa kuhusu sheria ya mito ya kimataifa kilitoka 2001 na kimerudiwa matoleo zaidi ya mara moja, na wanasheria wa serikali nyingi wanakitumia kama rejea. Lakini pia alikaa mezani na nchi zetu za Nile kama mshauri wa sheria, kwa hiyo huyu mtu si wa mbali kama anavyoonekana.

Tuanze na Harmon, maana bila Harmon huwezi kujua McCaffrey alikuwa anapambana na nini.

Mwishoni mwa miaka ya 1800 wakulima wa Colorado na New Mexico walikuwa wanachepusha maji ya Rio Grande kumwagilia mashamba yao, na wenzao wa upande wa Mexico, maeneo ya Ciudad Juárez, wakabaki na mchanga. Mexico ikalalamika. Serikali ya Marekani ikamuuliza mwanasheria mkuu wake, Judson Harmon, na mwaka 1895 akajibu kwamba sheria ya kimataifa haiibani Marekani kabisa, nchi ina mamlaka kamili juu ya kilicho ndani ya mipaka yake, maji yakiwa huku ni yake na anaweza kufanya anavyotaka. Tangu hapo nchi nyingi za juu ya mto zikikosolewa zinakimbilia kwa Harmon, zinasema mbona hata Marekani ilisema.

McCaffrey alichofanya ni kitu rahisi kwa kukisikia lakini kilihitaji uvumilivu, alirudi kwenye kumbukumbu za serikali na kuangalia Marekani ilifanya nini baada ya lile jibu la Harmon. Akakuta kwamba mwaka 1906 Marekani hiyo hiyo ilisaini mkataba na Mexico na kukubali kuipelekea maji kila mwaka, kiasi cha kama mita za ujazo milioni 74. Mwaka 1996, miaka mia moja na kidogo baada ya Harmon, akachapisha makala akionyesha kwamba hata nchi iliyoizaa ile nadharia haikuwahi kuitumia kama sheria, ilikuwa ni hoja ya wakili anayemtetea mteja wake. Kwangu mimi hii ni kazi muhimu sana, kwa sababu hoja ya "maji yapo kwangu ni yangu" unaisikia mpaka leo kwenye redio na kwenye mitandao, na wanaoisema wanaamini kabisa kwamba ni sheria.

Upande wa pili kuna kosa linalofanana na la Harmon ila limegeuzwa, la nchi ya chini ya mto kusema maji yamekuwa yananifikia tangu enzi za mababu kwa hiyo hakuna mtu wa juu anayeruhusiwa kuyagusa hata tone. Hili nalo sio sheria. Mwaka 1957 jopo la waamuzi lilisikiliza kesi ya Ufaransa na Uhispania kuhusu ziwa la Lanoux, Ufaransa ikiwa juu inataka kuyatumia maji kwa umeme, Uhispania ikiwa chini inakataa. Waamuzi wakasema Ufaransa lazima ishauriane na jirani yake kwa nia njema na izingatie maslahi yake, lakini Uhispania haina kura ya turufu. Shikilia hapo, kwa sababu tutarudi.

Sasa kazi yenyewe. Umoja wa Mataifa una chombo kinaitwa Tume ya Sheria ya Kimataifa, wajumbe 34, wanakutana Geneva, na kazi yao ni kuchukua mila na desturi za nchi na kuziandika ziwe vifungu. Mwaka 1970 Baraza Kuu liliwaomba washughulikie mito inayovuka mipaka. Utaratibu wao ni kwamba mjumbe mmoja anapewa mada kama ripota maalumu, anachimba, anaandika ripoti, anapendekeza vifungu, wenzake wanamshambulia, anarudi tena mwaka unaofuata. Ripota wa kwanza alikuwa Richard Kearney, akaja Stephen Schwebel, akaja Jens Evensen wa Norway, na 1985 mzigo ukamuangukia McCaffrey. Aliubeba mpaka 1991, na mwaka huo tume ikapitisha kwa mara ya kwanza rasimu nzima ya vifungu. Robert Rosenstock akamalizia awamu ya pili mwaka 1994. Yaani mada moja, maripota watano, karibu robo karne. Mtu akikuambia sheria za kimataifa zinaandikwa na watu wachache usiku mmoja, mwambie hesabu hizo.

Kwa nini ilichukua muda wote huo? Kwa sababu ya kanuni mbili ambazo kila moja ukiisoma peke yake inaonekana haina tatizo.

Ya kwanza inasema kila nchi itumie mto kwa haki na kwa busara. Ya pili inasema usimsababishie jirani yako madhara makubwa. Nani atakataa? Lakini ziweke pamoja kwenye mto mmoja halisi, tuchukue Mara. Unaanzia Msitu wa Mau kule Kenya, unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti ambako nyumbu wanauvuka kila mwaka, unaishia Ziwa Victoria upande wa Musoma. Tuseme, kwa mfano tu, Kenya inataka kujenga bwawa kubwa kule juu kwa ajili ya watu wake ambao hawakuwahi kuwa na maji ya kutosha. Ukiipa nguvu kanuni ya pili, Tanzania inasema bwawa litapunguza maji ya Serengeti, hayo ni madhara, simamisha. Hapo mshindi ni yule aliyeanza kutumia mapema, na aliyechelewa kwa sababu ya umaskini au ukoloni anaambiwa nafasi zimejaa. Ukiipa nguvu kanuni ya kwanza, mnakaa mnapima: watu wangapi wanategemea, nani ana chanzo kingine na nani hana, mvua ikoje, matumizi ya zamani ni yapi, matumizi mapya yana faida gani, mnaweza kulinda mto kwa kiasi gani. Tanzania inaweza ikapoteza kidogo na bado ikawa ni haki, na Kenya inaweza ikakatazwa na bado ikawa ni haki.

Ndo maana Ethiopia inapenda ya kwanza na Misri inapenda ya pili, wala sio ubaya wa mtu, ni mahali ulipo kwenye mto. Misri ilianza kumwagilia kabla ya karibu kila mtu. Tena mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana Nile wawili tu, kwa mwaka mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na 18.5 kwa Sudan, na bilioni 10 zikahesabiwa kuwa zitapotea kwa mvuke na kuvuja, jumla 84. Ukijumlisha utaona nchi za juu zimeachiwa sifuri, wakati karibu asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan kule Misri yanatoka milima ya Ethiopia. Kama madhara kwa mtumiaji wa zamani ndo kipimo pekee, Ethiopia ingekuwa na mto ambao haiwezi kuutumia.

Kwenye maandishi yake McCaffrey alisimama upande wa kwamba haki na busara ndo kanuni inayoongoza, na kanuni ya madhara inafanya kazi ndani yake. Mkataba wa mwisho wa Umoja wa Mataifa, uliotokana na ile rasimu ya tume, nao umekaa hivyo hivyo kwa namna fulani. Kifungu cha 5 kinasema haki na busara, cha 6 kinataja mambo ya kupima, na cha 7 kinasema nchi ichukue hatua zote zinazofaa kuzuia madhara makubwa, na yakitokea mzungumze kwa kuzingatia hivyo vifungu viwili vya juu. Alafu cha 10 kinasema kukiwa na mgongano, mahitaji ya lazima ya binadamu yaangaliwe kwa namna ya pekee. Maji ya kunywa ya Kahama yanaingia hapo.

Ila kwa maoni yangu moyo wa mkataba uko kwenye vifungu ambavyo watu wanaviruka wakidhani ni vya makaratasi, kuanzia cha 11 kuendelea. Nchi ikipanga mradi unaoweza kumuathiri mwenzake vibaya sana, imjulishe mapema, impe takwimu na tathmini ya mazingira, mwenzake ana miezi 6 ya kujibu, na kwenye hiyo miezi mradi usianze bila ridhaa yake. Akijibu kwa kukataa wanakaa wanazungumza. Hakuna kura ya turufu, kama waamuzi wa Lanoux walivyosema, lakini hakuna kujenga kimya kimya pia. Angalia tofauti na barua ya 1929, ile ilisema omba ruhusa, huu unasema toa taarifa na ukae mezani. Mtu aliyewahi kugombania maji na jirani anajua hiyo tofauti ina uzito gani.

Tarehe 21 Mei 1997 mkataba ulipigiwa kura New York. Nchi 103 zilisema ndiyo, 3 zikasema hapana, 27 zikajizuia. Waliokataa ni China, Uturuki na Burundi. Kwa majirani zetu wa Nile, Kenya na Sudan zilisema ndiyo, na waliojizuia ni pamoja na Misri, Ethiopia, Rwanda na Tanzania. Misri ya chini kabisa na Ethiopia ya juu kabisa zikakutana kwenye kujizuia, kila mmoja akihofia mkataba umempendelea mwenzake. Ulihitaji nchi 35 kuridhia na ukachukua miaka 17, Vietnam ikawa ya 35 na mkataba ukaanza kufanya kazi tarehe 17 Agosti 2014.

Lakini haukusubiri mpaka 2014 kuanza kutumika mahakamani, na hapa kuna kisa ambacho nakipenda kuliko vyote kwenye habari hii.

Hungaria na iliyokuwa Czechoslovakia zilikubaliana 1977 kujenga mabwawa kwenye mto Danube, Gabčíkovo upande mmoja na Nagymaros upande mwingine. Mwaka 1989 Hungaria ikasimamisha kazi ikisema mradi utaharibu mazingira na maji ya kunywa. Upande wa pili, baada ya kusubiri, Oktoba 1992 ukachepusha sehemu kubwa ya Danube ndani ya ardhi yake ili uendeshe mitambo peke yake. Kesi ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule Hague, na McCaffrey alikuwa kwenye jopo la mawakili wa Slovakia, nchi iliyorithi mradi baada ya Czechoslovakia kugawanyika. Hukumu ilisomwa Septemba 1997, miezi minne tu baada ya ile kura ya New York, na mahakama ikaunukuu mkataba ambao wino wake ulikuwa haujakauka. Ikasema Hungaria ilikosea kuacha mradi, ila Slovakia nayo ilikosea kuuchukua mto peke yake, kwa sababu iliinyima Hungaria sehemu yake ya haki na busara. Kwa hiyo mteja wa McCaffrey alishindwa kwenye hoja hiyo kwa kanuni ile ile ambayo McCaffrey alitumia miaka kuisaidia iandikwe. Kanuni inayomgusa hata mteja wa aliyeiandika, hiyo mimi naiamini.

Sasa kwenye kesi hiyo makamu wa rais wa mahakama alikuwa jaji Christopher Weeramantry wa Sri Lanka, na aliandika maoni yake ya pembeni kuhusu maendeleo endelevu. Akasema dhana hii sio ya juzi wala sio ya Ulaya, akaeleza mabwawa ya kale ya kwao Sri Lanka, na akaja huku kwetu, akawataja Wasonjo na Wachagga wa Tanzania na mifereji yao ya kumwagilia inayotoa maji kwenye vijito vya mlimani na kuyapeleka mbali mpaka mashambani. Akaandika kwamba kwa Wasonjo ilikuwa ni wajibu mtakatifu wa kila kizazi kuutunza mfereji ubaki katika hali nzuri. Yaani hata mfongo, ule mfereji wa Wachagga kule Kilimanjaro unaopita kando ya kihamba, shamba la nyumbani, wenye zamu zake na siku zake za kusafisha ambazo usipotokea unapigwa faini, umeandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama ya juu kabisa ya dunia kama ushahidi wa sheria. Niliposoma hiyo sehemu nilisimama nikatembea kidogo chumbani. Tunafundishwa kwamba sheria za mazingira zimetoka nje, na hapo kuna jaji anasema sisi tulikuwa nazo.

Turudi Nile. Februari 1999 mawaziri wa maji wa nchi za bonde walizindua Dar es Salaam ule Mpango wa Bonde la Nile, na sekretarieti yake ikawekwa Entebbe. Sambamba yakaanza majadiliano ya mkataba wa kudumu utakaozihusu nchi zote, na McCaffrey akawa mshauri wa sheria wa kamati ya majadiliano. Vifungu vingi vikapita, na ukivisoma unaona kabisa damu ya ule mkataba wa 1997, haki na busara, kuzuia madhara, kupeana takwimu. Wakakwama kwenye sentensi moja, kifungu cha 14(b).

Tatizo lilikuwa ni mikataba ya 1929 na 1959. Misri na Sudan zilitaka ibaki, wa juu walitaka ife. Ikatafutwa lugha ya katikati, kitu kikaitwa usalama wa maji, kwamba kila nchi ina haki ya kuwa na maji ya kutosha na ya uhakika. Wa juu wakakubali maneno haya: nchi isiathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri na Sudan zikataka yawe: isiathiri vibaya usalama wa maji na matumizi na haki zilizopo sasa. Ni maneno machache tu yameongezwa. Lakini "haki zilizopo sasa" maana yake ni zile bilioni 55.5 na 18.5, na ukisaini hapo umeirudisha barua ya 1929 kupitia mlango wa nyuma. Nchi za juu zikasema hapana. Nawaelewa kabisa, hata mimi nisingesaini. Na naielewa pia hofu ya Mmisri, nchi ambayo karibu maji yake yote yanatoka nje ya mipaka yake, ukimwambia aachie alichokishika akuamini wewe, ana sababu ya kusita.

Tarehe 14 Mei 2010 pale Entebbe Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zikasaini, Kenya ikafuata siku chache baadaye, Burundi Februari 2011. Hicho kifungu kikaachwa pembeni kwenye kiambatisho ili kimalizwe baadaye. Na wakati huo huo, Aprili 2011, Ethiopia ikaanza kujenga bwawa lake kubwa kwenye Blue Nile, lile la GERD, lililozinduliwa Septemba 2025.

Nisimtaje McCaffrey peke yake kana kwamba Afrika ilikuwa inasubiri mtu wa California. Profesa Charles Okidi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa anachambua mikataba ya Nile na Ziwa Victoria miaka mingi kabla ya meza ya Entebbe, na ndo aliyeanzisha pale Nairobi kituo cha masomo ya juu ya sheria na sera za mazingira, ambacho kimesomesha wanasheria wengi wa ukanda huu. Kama uko chuo na unataka kuingia kwenye fani hii, anza na maandishi yake, utaona mto ukiangaliwa kutokea kwenye chanzo.

Kuna kazi nyingine ya McCaffrey watu hawaitaji sana. Mwaka 1992 aliandika makala akiuliza kama binadamu ana haki ya maji kwenye sheria ya kimataifa, wakati ambapo neno maji halikuwemo kwenye ile mikataba mikubwa miwili ya haki za binadamu ya 1966. Hoja yake ilikuwa kwamba haki ya kuishi, ya afya na ya chakula haziwezekani bila maji, kwa hiyo maji yamo ndani yake hata kama hayajatajwa. Miaka kumi baadaye, 2002, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi na kijamii ikatoa ufafanuzi unaosema hivyo hivyo, na 2010 Baraza Kuu likaitambua haki hiyo. Mwaka huo huo Wakenya wakaiandika kwenye katiba yao mpya, kifungu cha 43, kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha.

Mahakamani aliendelea, na ukiangalia orodha ya wateja wake utaona wamo wa juu na wa chini. Aliitetea India iliyo juu dhidi ya Pakistan kwenye kesi ya mto Kishenganga, ambako mwaka 2013 waamuzi waliiruhusu India kuchepusha maji kwa umeme lakini wakailazimisha iache angalau mita za ujazo 9 kwa sekunde zipite kwenye mto. Aliitetea Chile iliyo chini dhidi ya Bolivia kwenye kesi ya mto mdogo wa Silala kule jangwani Atacama. Bolivia ilianza kwa kudai kwamba maji yale ni yake na yanaingia Chile kwa sababu tu ya mifereji iliyochimbwa 1928, Chile inatakiwa ilipe. Kufikia hukumu ya tarehe 1 Desemba 2022 pande zote mbili zilikuwa zinakubali kwamba Silala ni mto wa kimataifa na kila mmoja ana haki ya sehemu ya haki na busara, mpaka majaji wakasema kwenye mambo mengi hakuna tena cha kuamua. Nchi mbili zisizo na uhusiano wa kibalozi tangu 1978, wala hazikuwa wanachama wa ule mkataba wa 1997, zilibishana mpaka zikajikuta zinatumia maneno yale yale.

Na huku kwetu kwenye mto Kagera, Burundi, Rwanda na Tanzania zimejenga pamoja mitambo ya umeme pale Rusumo, megawati 80, wanagawana sawa kwa sawa. Mkataba wa Entebbe nao ulipata nchi ya sita pale Sudan Kusini iliporidhia 2024, ikiungana na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda na Burundi, na ukaanza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024. Siku hiyo Kenya ilikuwa imesaini ila haijaridhia, Misri na Sudan zilikuwa nje, na kifungu cha 14(b) kilikuwa bado kwenye kiambatisho, kikisubiri watu wakae tena.